Uhuru, Kazi na Bamba la Trekta



Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wito uliofuata ulikuwa "Uhuru na Kazi". Wananchi walijitolea kuchimba barabara kwa majembe. Hadi leo nyingine hukatika kila masika, na mama mwenye uchungu hafiki zahanati kwa wakati.

Mafundi wa kijijini kwetu hawakutuomba greda. Wameomba chuma, watengeneze bamba la kusukumia udongo mbele ya trekta la zamani. Fremu yake itashikwa na chesesi, si ekseli ya mbele, isije ikavunjika. Makali yatatokana na springi kuukuu za lori, yafungwe kwa bolti. Springi ikichomelewa ikiwa baridi, hupasuka. Bamba likikaa mshazari, udongo humwagika pembeni.

Mimi ni nesi, nina sharti moja. Hapa Australia matrekta ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya vifo mashambani. Mtu asiingie chini ya bamba lililoshikiliwa na haidroliki peke yake. Paipu ikipasuka, linashuka mara moja. Literemshwe hadi chini, au litegemezwe kwa magogo imara.

Basi tuchange chuma, na magogo yasisahauliwe. Nanyi wanetu, mkienda likizo, kaeni na mafundi hao mjifunze. Barabara ile ni yenu pia.

Uhuru na Kazi!