Kila Upande Ubebe Gharama Zake

 Wahitimu wa sheria, leo nataka tutazame mstari mmoja tu. Hukaa chini kabisa ya hati ya makubaliano inayofunga kesi ya uhamiaji kule Uingereza: kila upande ubebe gharama zake. Juu yake imeandikwa kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani imeufuta uamuzi uliopingwa, hivyo hakuna tena cha kubishania. Mwombaji hifadhi amepata alichokidai, ila wakili wake anaondoka kama aliyeshindwa.

Ili isilipe gharama, Wizara ilizoea kujitetea kwamba imelegeza msimamo ili mambo yaishe tu, si kwamba ilikosea. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani iliutilia shaka utetezi huo. Ilisema kwamba mtu aliyeandika barua ya madai iliyojitosheleza, asijibiwe ipasavyo, akafungua kesi na kupata alichokiomba, atarajie kulipwa gharama. Nadhani ilikuwa sahihi kabisa. Wapo wanaohofia kwamba serikali ikitozwa kila inapokubali, itaona heri ipigane hadi hukumu. Lakini kupigana hadi hukumu ni ghali zaidi, na nafasi ya kukubali bila kulipa ilikuwepo mapema, katika siku 14 ambazo barua hiyo kwa kawaida hupewa ijibiwe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: jaji hakusikiliza kesi, atajuaje nani angeshinda? Katika shauri la M dhidi ya Croydon, 2012, halmashauri ilikuwa imebishia umri wa kijana mwomba hifadhi, kisha ikakubali. Mahakama ilitenganisha hali. Aliyepata yote ni mshindi, na kwa kawaida hulipwa. Aliyepata nusu hupimwa. Kesi ikiisha kwa njia isiyohusiana na madai, mara nyingi hakuna amri ya gharama, na hilo nalikubali.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya mawakili wa msaada wa kisheria. Malipo yao kutoka mfuko wa umma ni madogo sana kuliko yale ambayo upande mwingine huamriwa kulipa. Wakinyimwa haya ya pili, ofisi zao hufungwa na mwombaji anayefuata hana wa kumtetea. Basi barua ya kwanza iandikeni kwa ukamilifu: uamuzi gani unapingwa, kwa hoja zipi, mnataka nini, lini mjibiwe. Jaji akiulizwa nani alipe, ataanza kwa kuisoma hiyo.