Kadi ya zawadi na hesabu ya sokoni

Msikilizaji uliyeko Marekani, kadi ya mkopo inayokurudishia asilimia 6 ya manunuzi ya supamaketi inatia tamaa. American Express wanayo, inaitwa Blue Cash Preferred. Ila ada yake ni dola 95 kwa mwaka, na ukishanunua vya dola 6,000 katika mwaka, ile 6 inashuka hadi 1.

Tupige hesabu. Zipo kadi zisizo na ada zinazorudisha asilimia 2 kwa kila kitu. Tofauti ni 4. Ili hiyo 4 ifidie dola 95, mboga, nyama na mchele lazima vikugharimu karibu dola 200 kila mwezi. Nyumba yenye watoto watatu inavuka hapo mapema tu. Kijana anayekula mgahawani hafiki. Halafu Walmart haihesabiwi kuwa supamaketi, na Costco haipokei kadi hiyo kabisa. Na huko ndiko wengi wetu tunakobeba mchele kwa magunia!

Fedha hizo unazorudishiwa zinatoka wapi? Kwanza, kwenye makato anayotozwa mwenye duka kila unapolipa. Umoja wa Ulaya uliibana mwaka 2015 sehemu ya makato hayo inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, ndiyo maana zawadi za huko ni haba. Pili, kwa wanaobakiza deni, wengi wao wakilipa riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka. Kama u miongoni mwao, achana na zawadi kwa sasa. Tafuta kadi ya riba ndogo, umalize deni.