Kuwafuata Wanavyuoni na Kufanya Ijtihadi

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuongoza katika Uislamu, akatujaalia wanavyuoni wa kutuonyesha njia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Kila ukaribiapo mwisho wa Ramadhani hurudi swali lile lile: mwezi ukionekana nchi ya mbali, je, nasi tufungue? Katika nyumba moja baba amefunga, na mwana anasherehekea Idi. Huyu asema, "Namfuata Imamu Shafii." Yule asema, "Nafuata dalili."

Basi tusikilize. Imamu Muslim amepokea kwamba Kuraybu aliuona mwezi Shamu usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporejea Madina akamkuta Ibn Abbasi na watu wake waliouona usiku wa kuamkia Jumamosi, wala Ibn Abbasi hakuufuata mwezi wa Shamu. Kwa hadithi hii Imamu Nawawi na wengi wa Mashafii wameshika kuwa kila upande wa mbali una mwezi wake. Na wanavyuoni wengi wa madhehebu nyingine wameshika kuwa mwezi wa mji mmoja unawalazimu wote. Pande zote mbili zina dalili. Hakuna aliyesema kwa matamanio.

Lakini miji iliyo karibu haina khitilafu hiyo. Ukungu ukifunika Mbaga na Suji, na mashahidi waadilifu wakauona mwezi huku chini Same, basi umeonekana kwa wa mlimani pia.

Ndugu zangu, mwaijua ndiva. Maji hukusanywa usiku, yakafunguliwa mchana kwa zamu. Asiyejua mteremko wa ardhi akibomoa ukingo, atazamisha shamba la jirani. Na anayekataza tope lisizolewe, ataikausha ndiva. Taqlidi na ijtihadi ni hivyo hivyo. Asiye na elimu ameamrishwa na Qurani awaulize wenye elimu. Kufuata kwake ni ibada, si aibu. Mwenye kuijua Qurani na Sunna, nasikhi na mansukhi, ijmaa, kiyasi na lugha ya Kiarabu, huyo ana wajibu wa kuchunguza. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametubashiria kuwa hakimu akijitahidi akapata ana thawabu mbili, na akikosa ana moja.

Imamu Shafii mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, aligeuza baadhi ya fatwa alizozitoa Iraki. Na katika pwani yetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kufariki kwake 1947, alikuwa Mshafii, na huku akiwahimiza Waislamu kutafuta elimu na kuacha kufuata mambo kwa upofu.

Basi, ewe kijana, kusoma kitabu kimoja hakukufanyi mujtahidi. Nawe, ewe mzee, usimwite mpotevu anayeuliza dalili. Mwezi ni suala la matawi. Udugu na heshima ya mzazi ni faradhi. Ukihitilafiana na jamaa yako, usivunje jamaa wala usimkatie salamu.

Ewe Mola wetu, tufahamishe dini yetu, uziunganishe nyoyo zetu. Amin.