Manukuu ya Vikao Yaandikwe na Aliyepimwa

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, kabla ya vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti

 

Leo nataka tuzungumze juu ya manukuu, yaani maandishi yanayopita kwenye skrini wakati mtu anazungumza, ili asiyesikia apate kusoma. Wengi wetu hudhani kwamba mkalimani wa lugha ya ishara akishasimama jukwaani, kazi imekwisha. Mkalimani ni wa lazima, na manukuu hayachukui nafasi yake. Lakini mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 65, au kijana aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa sekondari, mara nyingi hajui lugha ya ishara. Anajua kusoma. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 150,000 wenye ulemavu wa kusikia, na miongoni mwao wamo wengi wa namna hiyo.

Haki yao imo katika Katiba. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika shughuli zake. Mkazi ambaye hakuelewa kilichosemwa hajashirikishwa, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Basi swali ni hili: manukuu hayo aandike nani, na tutajuaje kama anaiweza kazi?

Kiswahili chetu kina mtego wake. Afisa wa mapato akisema, "Ada ya soko haitapanda," na mwandishi akaikosa silabi moja tu, skrini itaonyesha, "Ada ya soko itapanda." Mama mboga asiyesikia atasoma hivyo, atapinga hivyo, na ataenda nyumbani akiwa na hasira ya bure. Au kinyume chake: ada inapanda kweli, naye anarudi sokoni akidhani amesalimika. Hapo kosa la herufi mbili limemnyima sauti yake.

Ndiyo maana asilimia pekee haitoshi. Mtu akizungumza maneno 150 kwa dakika, saa moja ni maneno 9,000. Anayepata asilimia 96 amekosea maneno 360. Makosa hayo yakiwa ni "eeh" na "basi", hayana neno. Yakiwa kwenye tarakimu na kukanusha, mkutano umeharibika.

Wenzetu wamelifikiria jambo hili. Huko Marekani, National Court Reporters Association hutoa cheti cha waandishi wa manukuu ya moja kwa moja. Mtahiniwa huandika masomo yanayosomwa kwa kasi ya maneno 180 kwa dakika, kwa dakika tano, na ni lazima afikishe usahihi wa asilimia 96. Akishafaulu, hutakiwa kuendelea kujifunza ili cheti chake kisife. Uingereza ina rejista iitwayo NRCPD, inayowaandikisha wataalamu hawa pamoja na wakalimani wa lugha ya ishara. Aliyesajiliwa hufungwa na kanuni za maadili, na anaweza kushtakiwa kwenye rejista akizivunja.

Kuna pia kipimo kiitwacho NER, ambacho Ofcom ya Uingereza ilikitumia kuchunguza manukuu ya televisheni. Kosa dogo hutozwa robo alama, la wastani nusu, na kosa zito linalompa msomaji habari ya uongo hutozwa alama nzima. Manukuu mazuri hufikia 98 au zaidi. Kipimo hiki kinatufaa, kwa kuwa "haitapanda" iliyogeuka "itapanda" huhesabiwa kwa uzito wake.

Najua kuna atakayesema, "Lakini simu yangu ina programu inayoandika yenyewe, tena bure." Ni kweli, na kwa mazungumzo ya nyumbani inasaidia. Lakini katika kikao chetu mtu huanza kwa Kiswahili, akaingiza Kiingereza, akamalizia kwa lugha ya mama, huku jenereta inanguruma nje. Programu haiinui mkono kumwambia mwenyekiti, "Tafadhali rudia hiyo tarakimu." Mtaalamu huinua.

Hatuna haja ya kungoja mbali. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi na wa gharama inayofaa, na zabuni inaweza kueleza kiwango cha kazi. Napendekeza mambo manne yaandikwe humo. Kwanza, mwombaji afanyiwe mtihani kwa sauti ya kikao halisi, chenye mchanganyiko wetu wa lugha. Pili, apewe mapema majina ya wadi, miradi na tarakimu za bajeti. Tatu, aweke sahihi ya kutunza siri, hasa akiitwa hospitalini au kwenye kesi ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu. Nne, wakazi wasiosikia wawemo katika kundi la kumpima, maana wao ndio wasomaji.

Nanyi mna kazi. Anayehitaji manukuu aseme mapema katika ofisi ya wadi. Skrini ikikosea, andika saa na maneno uliyoyasoma, kisha mkabidhi karani kabla ya kuondoka. Vikao vya bajeti vinapokuja, lisemeni jambo hili kwa sauti, na anayeandika aandike lisemeke lile lile.