Sisimizi Wahamapo Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama baada ya mkutano wa mwezi)



Niliombwa niseme kidogo juu ya wadudu, na wengine wenu mmeanza kucheka. Chekeni tu. Nitasema habari za sisimizi wa mawe wa Uingereza, akaaye katika nyufa za miamba ya pwani ya kusini. Urefu wake haupiti milimita 3 hivi. Malkia ni mmoja, na watumishi wake si zaidi ya mia chache. Jiwe likivunjika, nyumba imekwisha: malkia, mayai na watoto wako nje, hawana ulinzi.

Nani hutoa amri ya kuhama? Si malkia, maana yeye hubebwa kama mzigo. Wapelelezi hutoka, kila mmoja na njia yake. Akiona ufa huingia, akapima ukubwa, giza na mlango. Wapenda mlango mwembamba. Nyumba ikimpendeza, hurudi upesi kumwita mwenzake. Ikiwa mbaya kidogo, hukawia. Kule kukawia tu ndiko kunakoipa nyumba njema watu wengi kwanza.

Naye huita mmoja mmoja. Aitwaye hufuata nyuma akimgusa kiongozi kwa papasi. Akibaki nyuma, kiongozi husimama kumngoja. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol waliandika kwamba huko ni kufundisha hasa, kwa kuwa mwalimu hukubali kuchelewa ili mwenziwe aijue njia. Akifika, mwanafunzi huikagua nyumba mwenyewe. Hakubali kwa kusikia tu.

Wakitimia ndani hesabu ya kutosha (sisi twaiita akidi, na leo mmeona taabu tuliyopata kuipata) kazi hubadilika. Hawaongozani tena, bali hubebana: humshika mwenzake kwa meno na kwenda naye mbio, kama mara 3 ya mwendo ule wa kwanza. Abebwaye haulizwi neno.

Lakini sikieni hili. Wataalamu walipowavunjia nyumba na kuwapulizia upepo, sisimizi walipunguza akidi. Walihama haraka zaidi, na makosa yakazidi: wengine waliingia nyumba mbovu. Kundi likigawanyika hivyo, walio katika nyumba njema huwarudia wenzao, wakawabeba mmoja mmoja mpaka wote wawe mahali pamoja.