Mama Akiugua, Nani Atamhudumia Mtoto?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Na kama baba yuko hapo nyumbani, mwambie asitoke kwanza.

Leo nazungumza na wewe unayelea mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi na kichwa kujaa maji. Mtoto wako alifanyiwa upasuaji wa mgongo akiwa mchanga. Kisha akawekewa shanti, yaani mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yapungue kichwani. Siku ya kuruhusiwa ilipofika, ulifurahi. Lakini kule wodini wauguzi walikuwa wakipokezana zamu, wa mchana na wa usiku. Nyumbani zamu zote ni zako.

Watoto wengi wenye mgongo wazi hawawezi kukojoa vizuri wenyewe, kwa sababu neva za kibofu ziliathirika. Ndiyo maana wengi wenu mlifundishwa kumtoa mtoto mkojo kwa mpira, kila baada ya saa tatu au nne mchana. Saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kulala. Huendi mazishi ya mbali wala hukai kwenye chama hadi mwisho, maana saa imefika.

Sasa tuseme Ijumaa moja homa kali inakuangusha. Huwezi hata kuinua kichwa. Baba yupo, dada yako anaishi ploti hiyo hiyo, nyanya yuko nyumba ya pili. Wote wanampenda mtoto. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushika ule mpira. Saa tatu inapita, saa sita inapita. Mkojo unaobaki kibofuni huzalisha viini, na ukijaa sana husukuma kurudi juu kwenye figo. Mara moja pengine hakutaleta madhara makubwa. Siku kadhaa ni jambo lingine, na figo huharibika kimya kimya, bila mtoto kulia.

Kwa hiyo nakuomba uchague mtu wa pili. Mmoja tu kwa kuanzia.

Najua utakachosema. Baba ana mikono mizito. Dada ataona haya. Ni haraka zaidi nikifanya mwenyewe. Na tuseme ukweli, akina mama, wakati mwingine ni sisi wenyewe tunaowafukuza. Baba akimshika mtoto vibaya mara moja, tunamnyang'anya, halafu tunalalamika kwa jirani kwamba hasaidii. Hata wewe siku ya kwanza mikono ilitetemeka, muuguzi akakusubiri.

Siku ya kwanza mtu wako akae tu atazame. Aone unavyonawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, unavyomsafisha mtoto, unavyopaka mpira mafuta ya kulainisha uliyopewa kliniki, unavyouingiza taratibu mpaka mkojo uanze kutoka. Aone kwamba hulazimishi ukikwama, na kwamba unasubiri hadi tone la mwisho ndipo unautoa polepole. Aone pia unavyouosha, unavyousuuza, unavyouacha ukauke na kuuweka ndani ya chombo safi chenye kifuniko, kama ulivyoelekezwa. Siku zinazofuata afanye yeye, wewe utazame, na mdomo uufunge kidogo. Ukienda kliniki tena, nenda naye. Maneno ya muuguzi yataingia kuliko ya mke.

Jambo la pili ambalo watu wote wa nyumba lazima wajue ni dalili za shanti kuziba au kuingia viini. Mtoto anatapika, hasa asubuhi. Analala kupita kawaida, au analia bila kunyamazika. Kama bado ni mchanga, utosi umevimba na macho yanaelekea chini. Mkubwa kidogo atalalamika kichwa. Anaweza kupata homa, degedege, au ngozi kuwa nyekundu mahali mrija unapopita. Ziandike kwenye karatasi, uibandike ukutani. Nasisitiza hivi kwa sababu homa na kutapika, watu wetu huita malaria, wakakimbilia duka la dawa. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: mtoto huyu ana shanti.

Kuna pia miguu. Watoto hawa wengi hawahisi maumivu miguuni, kwa hiyo anaweza kuungua kwenye jiko au kwa maji ya kuoga yenye moto asilie. Kila jioni mtu atazame nyayo na makalio. Kazi hii ndugu yake wa miaka minane anaiweza na ataifanya kwa furaha. Lakini usimfanye kifungua mimba kuwa muuguzi. Naye anataka kucheza, anataka umuulize habari za shule. Mtu wako wa pili akishika zamu ya saa kumi na mbili jioni, hizo dakika mpe yeye. Mwambie pia kwamba ugonjwa wa ndugu yake hauambukizi. Watoto huogopa mambo ambayo hawatuambii.

Na lile neno la nani aliyeleta ugonjwa huu katika ukoo? Limevunja nyumba nyingi. Mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, kabla wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Usipofungika, si laana, na si jambo mama alilotenda. Upungufu wa asidi ya foliki huongeza hatari. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubishi hivyo, lakini unga unaosagiwa posho mill mara nyingi hauna. Ukiwa umezaa mtoto mwenye mgongo wazi na unafikiria mimba nyingine, mwone daktari kabla hujashika mimba, kwa sababu utahitaji kipimo kikubwa cha vidonge hivyo kuliko mama mwingine. Nendeni wawili. Baba akisikia hayo kwa masikio yake, mengi yatanyamaza.

Jioni hii, saa kumi na mbili ikikaribia, mwite yule uliyemchagua. Akisema ana kazi, mwambie ni dakika kumi tu. Mpe sabuni anawe mikono, kisha umwonyeshe pa kukaa.