WALIMU WA CHUO NA MIOYO YA WANAFUNZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Kisii)



Nimeombwa niseme habari za wenzetu wanaorudi darasani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, haikupanda milima hii ya Gusii. Hata hivyo watu wa Kisii na Nyamira tumo relini, na tukitaka cheti wengi wetu hurudi kusoma huku nyumbani. Wengine huacha kabla ya mtihani. Husemwa kwamba ni karo. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini wako walioacha kwa kuwa mwalimu hakuwaelewa, na hao ndio habari yangu leo.

Tazameni darasa moja la chuo cha ufundi. Nyuma ameketi kijana aliyepelekwa na KUCCPS. Aliomba kozi nyingine, akapewa hii, na macho yake yako kwenye simu. Mbele yuko fundi wa miaka 40, mchomeleaji tangu ujana, anayebishana na mwalimu kila siku. Katikati yuko yule asiyesema neno.

Huyu wa katikati ndiye anayeumizwa zaidi. Mwalimu mgeni humwona mjinga. Sisi Wagusii tunayo chinsoni, na neno hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili, soni. Mtu na baba yake hawataniani, wala hawasemi mambo ya mwilini wakiwa pamoja. Na baba si yule aliyekuzaa tu. Ndugu zake nao ni baba. Basi kijana ameketi darasa moja na baba yake mdogo, mwalimu anafundisha habari za UKIMWI, anamwambia kijana, "Simama, utueleze." Kijana anatazama chini. Mwalimu anaandika: hajui. Wiki ya pili kijana haonekani.

Mwalimu mmoja aliyetufundisha jioni alifanya vingine. Aligawa karatasi, kila mtu akaandika swali lake bila jina, naye akayasoma mwenyewe. Siku nyingine aliwatenga wazee na vijana, kila kundi likasemezana peke yake. Maswali yalikuwa mengi hata kengele ikatukuta tungali tumekaa. Wala hakuwa Mgusii. Aliuliza tu mapema kwa nini watu wananyamaza.

Sasa yule mbishi. Wako walimu wanaomfukuza, na wako wanaomwogopa. Afadhali apewe mashine mbele ya wote, achomelee bamba. Ataruka-ruka, kipande hapa na kipande pale, ili lisipinde. Ndipo aulizwe: kwa nini hupinda? Chuma hutanuka kwa moto na kujikunja kipoapo, na upande mmoja ukipata moto kuliko mwingine, lazima kivutike. (Sisi wa njia ya reli tunalijua hilo kila jua la mchana.) Mkono wake ulikuwa na jibu, kitabu kina sababu yake. Nimewaona wabishi wa namna hiyo wakiwa wasaidizi wa mwalimu.

Wa simu nitamsema kwa kifupi. Kumkaripia hakufai. Aitwe kando aulizwe alitaka nini, na aambiwe mapema kwamba iko njia ya kuomba kuhama kozi, ila ina muda wake.

Mtasema, hayo ni ya walimu, chama kinahusikaje? Ndugu, waajiri hulipa NITA shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo. Fedha hizo zinatokana na kazi yetu, na tuna haki ya kuuliza mwanachama anafundishwaje. Naomba tawi lichague watu wawili waende kuonana na walimu kabla muhula haujaanza, wawaeleze habari ya chinsoni na ya mafundi wetu wazee. Waende kwa adabu, maana mwalimu naye ni mfanyakazi, na madarasa yamejaa.

Katibu anaandika majina ya walio vyuoni. Mwoneni kabla hamjatoka.